Sahani ya Kahiga

Asubuhi Watiri alipoifunua sahani, aliikuta imelambwa ikang'aa.

Alisimama nayo huku baridi ya Julai ikimng'ata vidole. Mazoea yana taabu, jamani! Miaka mitatu alikuwa akimfunikia mumewe Kahiga githeri ya mahindi na maharagwe, na Kahiga akirudi amelewa humlipa kwa makofi. Chumba chao cha mtaa wa Majengo kilikodishwa kwa jina la Watiri, lakini mwanamume hakutaka kutoka mpaka korti ikatoa amri, na jana polisi wakamsindikiza na godoro lake arudi kwao Wamagana. Watiri alilala usingizi mtamu. Kumbe mkono wake, kwa mazoea tu, ulikuwa umempakulia asiyekuwepo.

Akajiambia ni panya. Jioni hakufunika kitu, na hapo harufu ya ugoro ikaanza kupanda kutoka upande wa kitanda aliolalia Kahiga, ambaye ugoro hakuwahi kuugusa, kisha kijiko kikaanza kugonga ile sahani tupu, ko, ko, ko, bila haraka, kama mzee anayemwita mkewe alete chakula, na Watiri, bila kungoja kuona mkono ulioshika kijiko, akatoka mbio bila viatu hadi kwa Mishi, mwenye nyumba.

"Ati ulimfunikia nani?" Mishi alinong'ona. "Mume ametoka, nafasi iko wazi, na wewe unaipakulia? Si umeita mgeni!"

"Sikujua, Mama. Sasa nitafanya aje?"

"Shika huu ubani. Wewe ndiye ulimlisha, wewe ndiye utamwambia atoke. Kaza roho, vile ulikaza kwa yule mlevi."

Watiri alifukiza chumba mpaka machozi yakamtoka. Aliogopa, lakini pia alikuwa na hasira: hakuhangaika kortini ili aletewe mwingine. Akaitoa ile karatasi ya amri chini ya mto, akaiinua juu, maana ndiyo silaha pekee iliyowahi kumpa ushindi.

"Toka kwangu! Hii nyumba ni yangu! Korti imesema!"

Kijiko kikanyamaza. Kitanda kikalia, mtu mzito akijigeuza aone vizuri. Sauti ikatoka humo kwenye moshi, ya upole na adabu.

"Mke wangu, hiyo amri ni ya Kahiga. Yangu iko wapi?"