Kesi ya Bilapasi

Filimbi ya langoni ilipolia jioni, Jedidah aliwaswaga mbuzi kuelekea bomani. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Watu wa sehemu ile ya Embu walikuwa wamehamishwa kutoka mashambani kwao na kuamriwa kujenga kijiji kimoja cha nyumba zilizobanana, kilichozungukwa na handaki. Mtu hakutoka bila pasi. Mbuzi nao walilala katika boma moja, na juma hilo zamu ya kulifunga ilikuwa ya Jedidah.

Boma lilifungwa kwa miti mitatu iliyopitishwa mlangoni. Lakini wenzake walikuwa wanaruka kamba, tena wanamwita. Jedidah akapitisha mti wa juu, akaitazama ile miwili ya chini, akajiambia kuwa mbuzi hawajui kuhesabu. Akaenda zake kucheza.

Asubuhi kijiji kizima kiliamshwa na makelele. Bustani ya viazi vitamu iliyolimwa kwa ajili ya wazee na wagonjwa ilikuwa imenyolewa. Katikati yake alisimama mbuzi mmoja mweupe, sikio limechanika, rando la kiazi likining'inia mdomoni. Alikuwa mbuzi wa Ciakuthii, ajuza mjane. Watoto walimwita mbuzi huyo Bilapasi, kwa sababu kijijini hapo ni yeye tu aliyekwenda atakako bila kuomba ruhusa.

"Ni yeye tena," alisema mzee Rwamba, ambaye kofia yake ililiwa na mbuzi huyo Krismasi iliyopita.

Mzee Ngari, mkuu wa kijiji, aliuliza nani alifunga boma.

"Ni mimi, mzee. Nilifunga," Jedidah alijibu, akijifariji kwamba mti mmoja ni kufunga pia.

Basi lawama zote zikamwangukia mbuzi. Wazee walikuwa wamekubaliana kwamba mbuzi aliyekwisha kuonywa mara mbili akirudia achinjwe, na Bilapasi alikwisha kuonywa mara zote mbili zamani. Nyuso zikachangamka, maana nyama ilikuwa adimu siku hizo. Rwamba alikwenda mbio kutafuta chumvi.

Ciakuthii hakubishana. Alimfunga mbuzi wake mlangoni, akammwagia maganda ya ndizi. "Kula, mama. Leo sikukatazi," alimwambia, huku akipangusa macho kwa ncha ya leso.

Jedidah alisikia maneno hayo, na aibu ikamtafuna kama siafu aliyeingia nguoni. Maziwa ya mbuzi huyo ndiyo yaliyoupa uji wa ajuza ladha. Alipofika kwa wazee, kisu kilikuwa kinanolewa.

"Mzee Ngari, nilipitisha mti mmoja tu. Miwili niliiacha chini nikaenda kuruka kamba. Bilapasi hakuvunja boma."

Rwamba akaitazama chumvi mkononi mwake.

"Mtoto wangu, hungengoja mpaka kesho?" aliuliza kwa huzuni, na wazee wakaangua kicheko.

Ngari hakucheka sana. "Umesema kweli, umefanya vyema; mbuzi hatachinjwa. Lakini ukweli haurudishi viazi. Utafanya nini?"

"Nitapanda marando mengine. Na boma nitalifunga mimi mpaka yakomae."

Alitimiza ahadi. Wenzake waliruka kamba, yeye akainama na jembe. Siku za kwanza walimcheka, kisha mmoja wao, Muthoni, akaja kumsaidia kubeba maji. Mvua zikanyesha, marando yakatambaa. Siku ya kuvuna, Rwamba alitoa ile chumvi aliyoihifadhi, akainyunyizia kiazi chake cha kwanza.

Ciakuthii alimpa Jedidah kibuyu cha maziwa.

"Cucu," Jedidah alimwita bibi huyo, "bado umenikasirikia?"

"Nilikasirika, mwanangu, sikufichi. Bilapasi ana makosa mengi, na nitamsema kwa yote. Lakini lile lilikuwa lako. Mtu akichagua, abebe mwenyewe alichochagua, asimtwike asiye na mdomo wa kujitetea. Ulipoubeba mzigo wako, sote tulikula. Sasa kunywa, filimbi inakaribia kulia."

Jedidah akanywa, akaenda bomani. Akapitisha mti wa kwanza, wa pili na wa tatu, huku Bilapasi akimtazama kwa masikitiko.