Rangi Juu ya Ufa

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kuwapa nguruwe chakula, Ermelinda aliosha pikipiki ya baba yake. Ilikuwa kazi yake na aliipenda. Aliteka maji kwenye mfereji wa mianzi nyuma ya nyumba, akachukua sabuni na mswaki mkuukuu, akachuchumaa kwenye kokoto. Pikipiki hiyo ndiyo iliyoshusha magunia ya kahawa kutoka kijijini kwao Wolobena, ubavuni mwa mlima Inerie, hadi barabara kuu. Haikukosa matope.

Jumamosi moja ya likizo, alipokuwa akisugua chini ya tangi la mafuta, aliona mstari mwembamba mwekundu. Ulikuwa kwenye kishikio cha injini, kile kipande cha chuma kinachoifunga injini kwenye fremu. Akausugua kwa nguvu. Matope yalitoka, mstari ukabaki. Ulianzia kwenye tundu la bolti ukaelekea ukingoni, na ndani yake mlikuwa na kutu.

"Kaka Kletus! Njoo uone!"

Kletus, kijana wa miaka kumi na saba, alikuja akitafuna hindi la kuchemsha. Aliinama, akatazama, akaacha kutafuna.

"Mkwaruzo tu huo."

"Mkwaruzo una kutu ndani?"

"We mtoto, ufundi umeanza lini?"

Lakini hakucheka. Siku chache kabla alikuwa amepakia mawe ya msingi wa ukumbi wa kijiji, mengi kuliko alivyoruhusiwa, akavuka nayo mtaro kwa kasi. Tangu hapo injini ilikuwa ikitetemeka, naye alijua.

Akachuchumaa karibu na mdogo wake. "Linda, sikiliza. Kesho tuna mechi ya voliboli na wale wa bonde la pili. Baba akijua, pikipiki haitoki. Nisipokwenda mimi, nani atapiga mipira? Nyamaza tu, nitakupeleka ukashangilie."

Ermelinda hakuwahi kupelekwa kwenye mechi. Alinyamaza. Kletus alileta gundi ya chuma, akaipaka juu ya ufa, kisha akatafuta rangi nyeusi iliyobaki walipopaka lango. Ermelinda alimshikia kopo. Rangi ilipokauka, kishikio kiling'aa kama kipya, na ufa haukuonekana tena.

Siku ya pili walikwenda, na timu ya Kletus ikashinda. Wakati wa kurudi Ermelinda alisikia vikanyagio vikivuma chini ya nyayo zake, kama mzinga wa nyuki uliogongwa.

"Kaka, unasikia?"

"Barabara mbaya," alijibu Kletus, akaongeza mwendo.

Jumatatu asubuhi ilikuwa zamu ya Bibi Modesta kwenda kupimwa shinikizo la damu kwenye zahanati ya chini, karibu na pwani. Barabara ya huko ina kona juu ya kona, na upande mmoja ni korongo. Baba alitandika blanketi kwenye kiti cha nyuma. Bibi akatoka na shuka lake la kufuma, shavu likiwa limejaa tambuu.

"Gaspar, leo polepole. Mara ile uliniendesha kama gunia la kahawa."

"Gunia halipigi kelele, Mama," Baba alisema, na wote wakacheka.

Baba akapiga kiki. Injini iliwaka, na pikipiki nzima ikatikisika. Bibi aliinua mguu apande. Ermelinda alimtazama kaka yake mlangoni. Kletus alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu.

"Baba, usiende!" Ermelinda alikimbia akashika usukani. "Kishikio cha injini kina ufa. Tumeupaka rangi."

Baba alizima injini.

"Tumeupaka, wewe na nani?"

"Na mimi," Kletus alisema, akisogea. "Yeye alishika kopo tu, Baba."

"Nilijua ni ufa," Ermelinda alisema. "Nilishika kopo nikijua."

Bibi alishusha mguu taratibu, akatema tambuu pembeni. "Haya. Shinikizo langu limeshapanda kabla sijafika zahanati."

Safari hii hakuna aliyecheka. Baba hakupiga kelele wala hakumgusa mtu. Aliondoka na Bibi kwa miguu kwenda kusubiri lori la mboga. Alipofika langoni aligeuka. "Isukumeni hadi kwa shangazi yenu. Isiwashwe."

Shangazi Odilia, dada yake Baba, alikuwa na gereji ya kuchomelea kwenye njia panda. Alipowaona watoto wakihema, mmoja mbele na mwingine nyuma, aliweka mikono kiunoni.

"Makubwa! Bingwa wa voliboli anasukuma pikipiki kama mbuzi mgonjwa?"

Walimweleza yote. Alikitazama kile kishikio cheusi kilichong'aa, akatikisa kichwa. Alifungua bolti, akakitoa kishikio chote, akakwangua rangi na gundi kwa brashi ya waya.

"Linda, njoo ujifunze. Lete mafuta ya taa na chaki."

Alikipaka kishikio mafuta ya taa, akasubiri, akakikausha kwa kitambaa, kisha akakisugulia unga wa chaki mpaka kikawa cheupe. Punde mstari wa majimaji ulianza kujichora juu ya chaki. Yalikuwa mafuta yaliyonywewa na ufa, sasa yakitoka. Ermelinda alishika mdomo. Mstari ulikuwa mrefu kuliko ule alioukuta Jumamosi. Ulibakiza upana wa ukucha kufika ukingoni.

"Huo ukucha ndio ulioishika injini jana mkienda mechi," Shangazi alisema. "Na leo huo tu ndio ungemshikilia mama yangu kwenye kona."

Kletus alikaa chini kwenye tairi kuukuu. Macho yalikuwa yamemlowa.

"Inuka, kazi bado. Gundi imeingia ndani ya ufa, na nikichomelea juu yake chuma kitajaa matundu. Hiyo utaitoa wewe."

Kletus aliikwangua na kuichimbua mpaka vidole vikamchubuka. Shangazi alitoboa tundu dogo kwenye ncha ya ufa ili usiendelee, akaupanua kwa grenda ya kusagia chuma, akauchomelea pande zote mbili, kisha akaongeza kipande cha bamba nene la chuma juu yake. Kletus aliponyanyua kopo la maji akipoze, alikemewa. "Acha! Chuma cha moto ukikimwagia maji kinapasuka tena. Kipoe chenyewe."

Kilipopoa walikipima tena kwa chaki. Chaki ilibaki nyeupe. Shangazi alikirudisha kwa bolti mpya, maana ile ya zamani ilikuwa imelegea na tundu lake limelika.

Baba alifika jioni, Bibi akiwa salama nyumbani. Aliwasha pikipiki, akaweka kiganja juu ya injini, akasikiliza. Ilinguruma bila kutikisika. Akaizima.

"Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema. "Nyinyi hamkuziba, mlifunika. Ufa uliofunikwa haulali, unaendelea kutembea, ila sasa hakuna anayeuona. Kletus, mpaka msimu wa kahawa uishe utatumia miguu. Kosa la kuvunja ningelisamehe siku hiyohiyo. Kuficha ndiko kulikokaribia kutuua."

Kisha akamgeukia Ermelinda. "Na wewe umesema kweli, nakushukuru. Lakini ulikuwa nayo tangu Jumamosi. Siku nyingine, mwanangu, usingoje mpaka mtu ainue mguu apande."

"Ndiyo, Baba," alisema Ermelinda.

Baba akampa kofia ngumu, naye akapanda nyuma. Kletus aliwatangulia kwa miguu, akipandisha mlima.