Siku Bwawa Lilipokosa Pumzi

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne, saa nne asubuhi. Saa hiyo Mzee Tope alimwaga madumu tisa ya asidi.

Hakuwa mlevi wala mwehu. Alikuwa mhudumu wa mtambo wa kusafisha majitaka ya mji, kazi aliyoifanya miaka kumi na tisa. Kila asubuhi alichomoa matambara yaliyonasa kwenye wavu. Akapaka grisi mashine ya kupulizia hewa bwawani. Kisha akanywa chai kwa kusimama. Tangu mkewe afariki miaka mitatu nyuma, hakuona sababu ya kukaa.

Lakini wiki hiyo wakubwa walikuwa wanakuja kukagua, na kuta za bwawa zilikuwa na utando.

"Nataka ziwe nyeupe kama meno," meneja alisema. "Stoo kuna dawa ya kung'olea kutu. Sugua nayo."

"Bosi, si itaingia bwawani?"

"Bwawa la kinyesi, mzee. Unaogopa litachafuka?"

Mkubwa hakosi. Mzee Tope akasugua, asidi ikachuruzika bwawani. Wakubwa wakaja, wakapiga picha, wakala, wakaondoka.

Ijumaa bwawa lilinuka kama yai viza. Tope la kahawia lilikuwa limegeuka kijivu. Maji yaliyotoka kwenda mtoni yalikuwa machafu karibu sawa na yaliyoingia. Na huko chini mtoni aliishi binti yake wa pekee, mwenye mtoto wa miezi mitano.

Meneja alimwandikia Mzee Tope barua ya uzembe. Samaki huoza kuanzia kichwani, lakini kinachokatwa ni mkia.

Jumamosi akaletwa mpimaji wa maji, mwanamke mfupi mwenye begi la chupa. Alichovya kijikaratasi bwawani, kikageuka rangi.

"Shikamoo, baba. Hapa kumemwagwa nini?"

"Marahaba. Asidi. Niliimwaga mimi, kwa mkono huu. Mdomo ulioagiza uko ofisini."

Mpimaji hakucheka. "Unajua nani anasafisha maji haya?"

"Mimi na ile mashine."

"Nyinyi mnasaidia tu. Wanaofanya kazi ni vijidudu vilivyomo kwenye tope. Ni vidogo, jicho halivioni. Vinakula uchafu na kuvuta hewa. Maji yakiwa machachu mno, vinaacha kula. Yakizidi, vinakufa."

"Kwa hiyo nimeua wafanyakazi wenzangu."

"Si wote. Ngoja tuone waliobaki."

Alipanga chupa sita mezani. Kila moja akaitia tope hai kutoka mtambo wa mji jirani. Kisha akazipa uchachu tofauti.

"Saba ni katikati," alieleza. "Chini ya saba ni uchachu. Juu ya saba ni ukali kama wa chokaa. Tutapima kila chupa inavuta hewa kiasi gani."

Chupa yenye kipimo cha saba ilivuta hewa kama mtu aliyepanda mlima. Yenye kipimo cha sita ilivuta kidogo. Yenye tano ilikuwa kimya. Ya mwisho mezani, aliyoitia chokaa nyingi, ilikuwa kimya vilevile.

Mpimaji alichora vipimo hivyo kwenye karatasi. Mstari ukapanda, ukafika kileleni karibu na saba, ukateremka upande wa pili.

"Kilima," alisema Mzee Tope.

"Kilima hasa. Kwa mchoro huu naweza kupiga hesabu kabla hatujagusa bwawa. Tukiweka chokaa kidogo kila siku, na kuongeza tope hai, maji yatakuwa safi siku ya kumi na sita."

Meneja alikuwa mlangoni. "Siku kumi na sita? Mwageni mifuko yote leo, yaishe."

"Utakivuka kilima uangukie ng'ambo," mpimaji alimjibu, akamwonyesha ile chupa kimya ya chokaa. "Vilivyobaki navyo vitakufa."

"Na watu wa mtoni?" Mzee Tope aliuliza.

"Msiwatie watu hofu," meneja alisema.

Mzee Tope alivaa kofia yake, akashuka. Aligonga nyumba kwa nyumba. Alianzia kwa bintiye.

"Usichote mtoni, mama. Hata ya kumwogeshea mtoto. Nenda bomba la juu."

"Baba, bomba la juu ni mbali."

"Makaburini ni mbali zaidi. Mama yako alifika."

Binti alichukua ndoo.

Kila asubuhi Mzee Tope alipima uchachu, akaandika, akakoroga chokaa nusu ndoo, akaimwaga taratibu. Siku ya tisa tope lilianza kuwa kahawia. Siku ya kumi na sita harufu ilikwisha. Mpimaji alichota maji ya kutoka, akayainua kwenye mwanga. Yalipitisha mwanga.

"Mchoro haukudanganya," alisema. "Sasa pima kila siku, baba. Asidi isiingie tena, iwe ya nani."

Mjukuu hakuugua. Barua ya uzembe haikufutwa, ila hakupatikana mwingine wa kushika tope, basi mzee akabaki.

Jioni hiyo, wakati mpimaji anafunga begi lake, Mzee Tope alimletea daftari la vipimo la miaka yote, alilolikuta stoo.

"Mwanangu, nitafutie mwaka aliokufa mke wangu. Tulikuwa tunachota mtoni, akaharisha siku nne. Mwaka ule pia bwawa lilinuka yai viza."

Mpimaji alifunua. Kurasa za mwaka ule zilikuwa nyeupe kama meno, bila kipimo hata kimoja.

Mzee Tope alilichukua daftari, akavuka ua mpaka ofisini, akaliweka wazi mbele ya meneja.

"Bosi, mwaka aliokufa mke wangu bwawa lilikuwa na uchachu kiasi gani?"

Meneja aliutazama ule ukurasa mtupu, kisha dirisha. Mzee Tope alivuta kiti. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, akakaa kusubiri.