Uji wa Bosi

Asubuhi nyumbani kwetu huanza na kelele za Bosi. Bosi ni mdogo wangu wa miaka minne, na jina hilo alipewa na Baba kwa sababu hajui kuomba, anajua kuamuru tu. "Uji!" anapiga kelele kabla hata hajafumbua macho vizuri. Wakati huo Mama ameshakaa kwenye cherehani sebuleni anamalizia nguo za wateja. Baba, ambaye ni seremala, anazunguka nyumba nzima akitafuta penseli iliyo nyuma ya sikio lake. Mimi navaa sare za shule huku nikimtazama kila mtu anafanya nini.

Kutazama watu ndiyo kazi ninayoipenda. Nina miaka kumi na miwili na Baba ananiita Inspekta. Sukari ikipungua kwenye kopo, mimi ndiye ninayejua nani aliyeilamba, isipokuwa siku nilizoilamba mwenyewe.

Nyumbani kwetu hakuna karanga. Bosi alipokuwa na miaka miwili alitafuna karanga chache, midomo ikavimba na pumzi ikaanza kumkatika. Daktari alisema ana mzio wa karanga, yaani mwili wake unazichukia kiasi kwamba hata chembe tu inaweza kumletea hatari. Tangu hapo hata mgeni akija hunawa mikono kwanza, ndipo ambebe Bosi. Tukakaa miaka miwili salama salimini.

Halafu akaja Shangazi.

Shangazi ni dada mkubwa wa Baba. Alifika siku ya Ijumaa na begi moja, aje amsaidie Mama kwa miezi michache, maana kazi za kushona zilikuwa zimemzidi. Alipoambiwa habari ya karanga, aliguna. "Sisi tulikula kila kitu na tukakua," alisema. "Watoto wa siku hizi mnawadekeza mno." Mama alicheka kwa adabu. Mimi sikucheka. Nililiweka neno hilo moyoni.

Keshokutwa yake, Jumapili, Bosi alikunywa uji akaanza kujikuna. Shingo na mikono ikajaa vipele vyekundu. Na nani alikuwa amepika uji? Shangazi.

"Labda mbu," Baba alisema.

Mbu gani wa mchana? Kuanzia siku hiyo nilimganda Shangazi kama kupe. Akienda jikoni, nami nina kiu. Akitoka uani, nami nina nguo za kuanua. Mara mbili nilimwona akichungulia huku na huku, kisha akamwaga chai yake yote kwenye mtaro nyuma ya nyumba. Nikaona pia kwamba begini mwake kulikuwa na kopo dogo lenye mfuniko, ambalo alilitoa watu wakiwa hawapo na kulirudisha haraka. Kwa nini mtu mzima afiche kopo?

Vipele vya Bosi vilikuja na kupungua, vikaja tena. Wiki ya pili alikohoa usiku kucha. Nikamweleza Mama kila kitu.

"Usimseme shangazi yako hivyo," Mama alinikemea. "Ana kosa gani?"

Lakini kesho yake nilimwona Mama akiinama juu ya sufuria ya uji na kuinusa. Na Shangazi alimwona akinusa. Meza ya chakula siku hiyo ilikuwa na ubaridi usio wa kawaida.

Jumamosi tu ndiyo niliyopumzika upelelezi, kwa sababu nilikuwa na kazi yangu, kupeleka ndoo ya ulezi wa Bosi kwenye mashine ya kusaga. Mama alitaka niwe wa kwanza kabisa, kabla nafaka ya mtu mwingine haijapita mashineni. Aliponikabidhi kazi hiyo alinieleza na sababu, lakini nilikuwa nasikiliza kwa sikio moja; nikajua tu kwamba Mama anapenda usafi. Pale mashineni watu hawapangi foleni kwa miguu, wanapanga ndoo. Niliwahi, nikaiweka ndoo yangu mbele, na Msagaji, mweupe kwa unga hadi kope, akanisalimia, "Karibu, mama mwenye nyumba!"

Ijumaa ya wiki ya tatu, Shangazi alipokwenda kuoga, nilifungua begi lake. Ndani ya kopo kulikuwa na unga wa rangi ya kahawia, laini, kama wa kitu kilichokaangwa na kusagwa. Nilikimbia nao hadi kwenye cherehani la Mama.

"Mama, ona! Nilikwambia!"

Kabla Mama hajajibu, Shangazi alitokea mlangoni, taulo kichwani. Aliliangalia kopo lake mikononi mwangu, kisha akamwangalia Mama.

"Onja, wifi," alisema taratibu.

Mama alionja. "Tangawizi," akasema, na sauti yake ikawa ndogo.

"Tangawizi ya kutuliza tumbo. Mimi na maziwa hatupatani. Nikinywa, tumbo linanguruma mchana kutwa. Lakini kila asubuhi umenipikia chai ya maziwa kwa heshima, nikaona haya kuikataa. Nikawa naimwaga." Shangazi aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu. "Nilisema mnamdekeza mtoto, nami mwenyewe nina tumbo linalochagua. Lilikuwa neno la kijinga. Lakini kumtilia mtoto wa ndugu yangu sumu kwenye uji? Mimi?"

Mama alimwomba radhi. Shangazi aliitikia kwa kichwa, lakini hakuonekana kuridhika. Alisema hatagusa tena sufuria ya uji, na Jumapili atarudi kwake. Mimi nilirudisha kopo begini kwa aibu. Hata hivyo, shaka haikunitoka. Kopo moja si ushahidi, nilijiambia, pengine lipo la pili.

Jumamosi nilikwenda mashineni kama kawaida. Jumapili asubuhi Shangazi alikuwa chumbani akikunja nguo zake, na Mama alipika uji kwa mikono yake mwenyewe, kwa unga niliouleta jana yake. Nililinda mlango wa jikoni kuanzia maji yalipotiwa hadi uji ulipopoa. Hakuna aliyeingia.

Bosi alikunywa nusu kikombe. Kisha akaacha kuamuru. Alishika koo lake, midomo ikaanza kuvimba, na pumzi zake zikatoa sauti ya mluzi.

Baba alimbeba, tukakimbia barabarani, jirani akatupakia kwenye gari lake. Shangazi alikuja nasi, mguu mmoja una kandambili na mwingine mtupu. Hospitalini Bosi alidungwa sindano, akawekewa hewa ya kumsaidia kupumua. Tulisimama ukutani. Sijawahi kuogopa namna ile maishani mwangu.

Daktari alitoka baada ya muda. Bosi alikuwa anapumua vizuri, alisema, lakini tungechelewa kidogo tungesema mengine. "Amekula nini?"

"Uji mtupu," Mama alijibu. "Wa ulezi."

"Unga unasagwa wapi?"

"Mtaani kwetu. Lakini Msagaji huisafisha mashine kabla ya kufungua, na unga wetu ndio wa kwanza kupita. Huyu binti yangu huhakikisha." Mama alinigeukia. "Si ndiyo? Jana ulikuwa wa kwanza?"

Hapo ndipo nilipounganisha mambo. Ndoo yangu ilikuwa ya kwanza, ni kweli, ilipofika. Lakini tangu Jumamosi ile ya kwanza baada ya Shangazi kufika, rafiki yangu tunayemwita Mrefu alikuwa na baiskeli mpya. Tulipatana: yeye anapewa nafasi yangu ya kwanza, mimi naendesha baiskeli mpaka ndoo zetu zote mbili zimalizike. Na ndoo ya Mrefu ilikuwa na nafaka ya unga wa lishe wa mdogo wake. Mahindi, soya, na karanga.

Mama hakuningoja nijibu. Akageuka polepole, macho yake yakamwangukia Shangazi. "Basi kama unga ulikuwa safi," alisema, "kuna mtu amelifungua debe letu la unga."

Shangazi alirudi nyuma hatua moja. Machozi yalimlengalenga. Wiki tatu nzima nilikuwa nimeitafuta sura hiyo, sura ya mtu aliyekamatwa. Sasa nilipoiona nilitamani ardhi inimeze.

"Sikuwa wa kwanza," nilisema. "Jumamosi zote hizi. Nilimwachia Mrefu nafasi, aniazime baiskeli. Walisaga lishe yenye karanga, kisha wetu ukafuata. Nilikudanganya kila uliponiuliza, Mama. Shangazi hajafanya kitu."

Baba alikaa kwenye benchi. Daktari alieleza kwamba karanga zinazobaki kwenye mashine zinatosha kabisa kumdhuru mtoto kama Bosi, akataka unga ule umwagwe wote siku hiyo hiyo. Mama aliushika mkono wa Shangazi. "Nimekukosea mara mbili, wifi," alisema, na safari hii alilia.

Nilingoja kipigo au matusi. Badala yake Shangazi aliniita kando, karibu na dirisha, mguu wake mtupu juu ya sakafu baridi.

"Umenichunguza wiki tatu," alisema. "Umepekua hadi begi langu. Siku moja tu ungejichunguza wewe, tusingekuwa hapa."

"Nisamehe, Shangazi. Nilitaka kuendesha baiskeli tu."

"Baiskeli ni utoto, mwanangu, hilo nimeshasamehe. Lakini ulirudi nyumbani ukasema, 'Nilikuwa wa kwanza.' Mama yako hakuuona ule unga ukisagwa. Alichokuwa nacho ni neno lako tu. Alilipika hilo, akamlisha mtoto. Mwenye mwili kama wa Bosi anaishi kwa maneno ya watu: hiki kina nini, hiki kimepita wapi. Ukimdanganya mtu wa namna hiyo, hata kwa jambo dogo, unacheza na pumzi zake. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Leo umesema kweli mbele ya watu, ukijua itakuumbua. Hilo nimeliona pia." Alinivuta begani. "Jumamosi ijayo utakwenda mashineni wewe mwenyewe. Nami nitakuwepo nyumbani kuupokea unga. Nitakuuliza kama ulikuwa wa kwanza, na utakachonijibu ndicho nitakachompikia."