Pandisha Mpaka Nikwambie

Jumatano, tarehe ishirini Agosti, saa saba na dakika kumi mchana, Mejumaa aliulizwa swali lililopungua silabi moja, akalijibu.

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha dereva, milango imefungwa, macho kayafumba. Gari lilikuwa la Crispus, karani wa bandarini, mtu wa bara, aliyelileta asubuhi ili aje kulichukua Jumamosi, na kusema, "Dada, mimi nataka ile besi inaingia kwa mifupa. Jirani akisikia, ajue nimefika." Nyuma, pale watu wanapoweka mizigo, palikuwa na sabufa, spika ya besi, ya inchi kumi na mbili ndani ya kasha ambalo Crispus alilichongesha mwenyewe, kwa mbao za milango ya nyumba moja ya Mji wa Kale iliyokaa bure miaka mingi. Kasha lilikuwa jipya lakini lilinuka maji ya waridi yaliyochacha. Mejumaa alidhani ni vanishi.

Karakana ilikuwa Makadara, kibanda cha mabati chenye turubai mbele, mali ya Mung'aro. Mejumaa alisomea uhandisi wa umeme chuo kikuu, akatafuta ajira miaka miwili, akaikosa. Mung'aro alimchukua kwa ajili ya masikio yake, akamwita Injinia, nusu utani nusu heshima.

Kuweka krosova ni kazi ya watu wawili. Krosova ni kichujio: huzizuia sauti nyembamba zisifike kwenye sabufa, huziachia zile nzito peke yake, na mpaka wake hupangwa kwa kisurubu kidogo kilicho ubavuni mwa amplifaya. Mmoja, siku zote Mung'aro, huchutama nyuma na bisibisi. Mwingine hukaa mahali pa dereva, husikiliza na kuamrisha: pandisha, shusha, na sauti ikikaa sawasawa, hapo hapo. Hakuna neno jingine linalohitajika.

Mejumaa alikuwa ameanza chini kabisa, hezi thelathini, yaani mitetemo thelathini kwa sekunde, kama ilivyo desturi yake. Kisurubu kikiwa hapo, na spika nyingine zimezimwa, wimbo wa kupimia ulibaki bila mwimbaji, bila gitaa, bila chochote ila ngoma moja nzito iliyokwenda polepole, na yeye hakukumbuka kuisikia ngoma hiyo ndani ya wimbo ule.

"Nipande?" sauti iliuliza kutoka nyuma.

Aligundua kwamba haikuwa nipandishe. Lakini Mung'aro humeza maneno, hasa akiwa na njaa.

"Pandisha," alisema bila kufumbua macho. "Pandisha mpaka nikwambie."

Besi haikupanda. Harufu ya waridi ilimjia usoni kama pumzi ya mtu, na ndani ya nyayo zake, chini ya ngozi, kitu kikaanza kutetema. Alifumbua macho. Ng'ambo ya barabara, mbele ya kioo, Mung'aro alikuwa amesimama na karatasi ya viazi karai mkononi, akibishana na muuzaji kuhusu ukwaju.

Mejumaa alizima redio. Mtetemo wa nyayoni haukuzimika.

Alijieleza kama alivyofundishwa kujieleza: mishipa imechoka, damu haikutembea vizuri kwa kukaa. Lakini Alhamisi, alipoamka katika chumba cha juu anachokaa na mama yake, Bi Fadhiya, karibu na Forodhani, mtetemo ulikuwa umefika magotini na ulikuwa na sauti. Ilikuwa nzito, moja, isiyokatika. Alipoziba masikio, ilizidi.

"Mbona wakanyaga kama mgeni?" Bi Fadhiya alimuuliza, akimtazama akishuka ngazi.

"Viatu, mama."

"Huna viatu."

Alirudi chumbani akafunga mlango. Kwenye simu alikuwa na programu ya kupimia sauti, ile anayoitumia kazini, inayochora mstari kwa kila mtetemo inaousikia. Aliiweka simu mezani: mstari ulilala. Aliiweka juu ya goti: mstari mmoja ukasimama wima kwenye thelathini na tatu. Aliirudisha mezani, ukalala. Alifanya hivyo mara sita, akaandika majibu yote sita daftarini, na yote yalikuwa sawa.

Ijumaa mtetemo ulikuwa tumboni, kwenye arobaini na mbili. Alisoma Ayatul Kursiy tangu nyumbani mpaka Makadara, na kila alipofika mwisho wa aya alihisi kitu ndani yake kikinyamaza kwa adabu, kama mtu anayengoja mwenzake amalize kusema.

Mchana alimwonyesha Mung'aro daftari.

"Injinia, umenuna siku tatu kwa sababu ya hesabu?"

"Soma."

Alisoma. "Thelathini na tatu. Arobaini na mbili. Zinaongezeka kwa tisa."

"Kila siku tisa. Kwa hiyo Jumatano ulikuwa ishirini na nne, kwenye nyayo. Kesho hamsini na moja, kifuani. Jumapili sitini."

"Sitini ni wapi?"

Mejumaa aligusa koo.

Mung'aro alitaka kucheka, mdomo ukaanza kabisa. Mejumaa akaibana simu tumboni, juu ya buibui, akamgeuzia kioo auone mstari. Akaiondoa. Akaibana tena. Mung'aro akaliweka chini koleo alilokuwa nalo, taratibu, kama kwamba lingeweza kumsikia.

"Tangu lini?"

"Siku ulipokwenda kununua viazi. Kuna aliyeniuliza apande. Nikadhani ni wewe."

"Nawe ukamwambia?"

"Nikamwambia unachoambiwa wewe siku zote."

Mung'aro alilitazama gari la Crispus. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Nina shangazi Marikiti. Anauza ndimu. Lakini ndimu si kazi yake yote."

Jumamosi asubuhi, Mejumaa alipofungua kinywa kumwamkia mama yake, alisikia salamu yake ikitoka na nyingine chini yake, nzito, iliyochelewa kidogo. Bi Fadhiya alidhani ni mafua, akamwambia anywe tangawizi.

Shangazi yake Mung'aro aliitwa Dama. Walimkuta nyuma ya magunia, akipanga ndimu tano tano, miguu kainyoosha, wapagazi wakipita juu yake na mikungu ya ndizi.

"Shikamoo, shangazi," Mejumaa aliamkia.

"Marahaba." Dama aliinua macho upesi. "Semeni wote wawili mmoja mmoja."

"Mimi sijasema," Mung'aro alisema.

"Sikukuambia wewe."

Mejumaa aliketi juu ya gunia. Alieleza yote, kwa mpangilio, tarehe na saa na namba, akisema polepole ili ile sauti ya chini isimpite. Dama alimsikiliza huku akiwauzia watu ndimu, na mteja wa tatu alipoondoka akauliza jambo moja tu.

"Alikwambia nipande, au nipandishe?"

"Nipande."

"Na wewe?"

"Pandisha mpaka nikwambie."

"Apandishe nini, mwanangu?"

Mejumaa alitazama ndimu zilizopangwa.

"Hukumtajia kitu. Basi amejipandisha mwenyewe, na wewe ndiye ngazi. Wenzio hulia na kupigiwa ngoma siku saba ili wapandishe pepo, wewe umemkaribisha mara moja. Tena ngoma mnayo, ya umeme." Alitaka kutabasamu lakini akaacha. "Sikiliza. Akifika kooni hatauliza tena, atasema mwenyewe, kwa kinywa chako, na hutakuwa na neno la kumzuia. Rudini kwenye gari leo, jua lingalipo. Kaa pale pale ulipokaa. Mwambie shuka. Usije ukamwambia shusha, atakushusha wewe, na sijui wapi. Shuka. Na usimwambie kitu kingine."

"Na krosova?" Mejumaa aliuliza. "Tukiishusha pamoja na yeye, kichujio kitaziba kila kilicho juu. Atakosa pa kushika."

"Mambo ya bisibisi siyajui. Fanyeni, haidhuru. Lakini asiishie njiani. Atakapotoka, nyayo zitakuunguza kama umekanyaga mchanga wa saa saba. Mpaka ziungue. Kabla ya hapo hajatoka."

Saa kumi alasiri Mejumaa alikaa kwenye kiti cha dereva, Mung'aro akachutama nyuma, bisibisi mkononi. Waliwasha wimbo ule ule. Kisurubu walikianzisha kwenye themanini, na mwimbaji alisikika kwa mbali.

"Tayari," Mung'aro alisema. "Na mimi sitasema lolote ila namba. Ukisikia kingine, si mimi."

"Shuka," Mejumaa alisema.

Kifua kilimgonga kwa ndani.

"Sabini," Mung'aro alisema.

"Shuka."

"Sitini."

Mwimbaji alizama. Harufu ya waridi ilijaa mpaka macho yakamwasha, na kila aliposema shuka ile sauti ya chini ilisema pamoja naye, shuka, shuka, kwa mzaha, kama mtoto anayejifunza kuigiza wakubwa, lakini Mung'aro alisema hamsini, akasema arobaini na tano, na kitu kile kizito kikaanza kumteleza mbavuni, kikishika kila ubavu kabla ya kuuachia, kikaingia tumboni kikajizungusha humo, naye akasema shuka huku meno yakigongana, na Mung'aro, ambaye alikuwa akilia bila kujua analia, akasema arobaini, akasema thelathini na tano, na mapaja ya Mejumaa yakawa mazito kama magunia ya chumvi na magoti yakagonga usukani mara mbili, tatu, na nje watu wa Makadara waliendelea kupita na mifuko yao na tuktuk zao, wasione ila msichana aliyekaa ndani ya gari akizungumza peke yake.

"Thelathini," Mung'aro alisema. "Imefika mwisho, haiendi tena."

"Shuka," alisema Mejumaa, na sasa alisema peke yake, kwa sauti moja, yake, na aliposikia kwamba ni moja karibu aangue kilio. Mtetemo ulikuwa miundini. Ukawa kwenye vifundo. Ngoma ilizidi kuwa ya polepole, ikawa haisikiki tena bali inahesabika, pigo, pigo, kisha hata pigo likaisha, gari zima likanyamaza, na nyayo zake zikaanza kupata vuguvugu, kidogo tu, kama chai iliyosahauliwa.

Kimya hicho kilikuwa kizuri. Kilikaa sawasawa. Mwaka mzima masikio yake yalikuwa yamefunzwa kungoja wakati kama huo.

"Hapa?" sauti iliuliza kutoka nyuma.

"Hapo hapo," alisema Mejumaa.

Aliyasikia maneno yake baada ya kuyasema. Bisibisi ilikuwa imeshafika mwisho. Mung'aro aliahidi kusema namba tu, hakuwa na la kuuliza. Vuguvugu la nyayo likapoa.

"Shuka," alisema. Alisema tena. Alisema mpaka adhana ya magharibi, mpaka Mung'aro akamfungulia mlango na kumtoa kwa mkono, na mtetemo haukurudi mahali popote mwilini mwake.

"Umepona," Mung'aro alisema. "Sauti yako nimeisikia, ni moja. Zimekuunguza?"

Mejumaa alimtazama uso wake uliochoka, macho mekundu.

"Zimeungua," alisema.

Crispus alikuja jioni hiyo kuchukua gari. Aliwasha redio, akaketi kimya wimbo mzima, mkono kifuani. Alisema hajawahi kusikia besi safi namna hiyo, na akauliza kama lile kasha limewahi kunuka waridi au ni pua yake tu. Sasa halikunuka chochote. Lilikuwa mbao.

Asubuhi ya Jumapili Mejumaa aliketi ukingoni mwa kitanda, miguu kaikunja juu ya godoro. Alitaja jina lake: sauti moja. Aliweka kiganja kooni, kifuani, tumboni, akashika magoti. Kote kulikuwa kimya. Chini, mama yake alikuwa akiosha vikombe na kumwita, chai itapoa.

Aliuteremsha mguu wa kulia kwenye saruji, halafu wa kushoto. Hakuhisi mtetemo. Hakuhisi baridi ya saruji pia.

Alichomoa pini kwenye mtandio, akakichoma kidole gumba cha mguu. Damu ilitoka tone moja, nyekundu, ya kawaida. Hakuhisi kitu. Ila vile vidole vinne vilivyobaki vilijikunja, kimoja baada ya kingine, bila haraka, kama watu wanaosogeleana kwenye benchi ili wakae vizuri.

Alifuta damu. Alivaa soksi, akavaa viatu kwa kuvitazama, kama anayemvalisha mtoto wa mtu, akafunga kamba kwa mafundo mawili mawili, kisha akashuka kunywa chai na mama yake.