Mlango wa Mbao wa Kendu Bay

"Dada, unangoja mtu ama unangoja tufunge?"

Ayesha wa mapokezi aliuliza kwa upole, lakini Bathsheba alitamani ardhi immeze. Saa kumi ilikuwa imekaribia. Tangu saa nane alikuwa amesimama nje ya jumba la sanaa, ndani ya gauni alilojishonea Migori wiki nzima, na kila alipotazama ule ukuta mpya wa vioo alijiona yeye tu, na ziwa nyuma yake.

"Namngoja mtu. Lakini naona hatakuja."

Akaisoma tena meseji ya Ogada: "Jumapili saa nane, kwa ule mlango wa mbao. Usipokuja nitajua umekataa. Sitakusumbua tena."

Zamani, jumba likiwa mawe na mabati tu, mlango ule ulikuwa mbele, na hapo ndipo Ogada alipomtamkia kwamba anampenda. Jumba lilipokarabatiwa ukatoweka. Bathsheba akasimama pale ulipokuwa, maana angesimama wapi tena?

Miaka miwili hawakusemezana. Wajomba wa Ogada, Wakatoliki wasiojua mambo ya Wasabato, walipeleka posa kwa kina Bathsheba siku ya Jumamosi. Wakakuta geti limefungwa, wakaungua jua, wakarudi wakisema wamekataliwa. Ogada akaamini. Bathsheba naye hakueleza, alitaka aulizwe. Kiburi hicho kilimwachia upweke wa kutisha, na leo kilimzuia hata kupiga simu.

"Ingia basi uone picha," Ayesha akamwambia. "Umetoka mbali."

Akaingia, angalau akanawe uso. Katikati ya ukumbi akasimama ghafla. Ule mlango wa mbao ulikuwa pale, umesimamishwa peke yake chini ya taa.

"Mliuleta huku ndani?"

"Ndiyo, usinyeshewe. Kuna jamaa amekaa hapo kwa benchi tangu saa saba, ameipa barabara mgongo. Ametoka kwa mlango wa nyuma sasa hivi. Mimi nilidhani anaupenda tu huo mlango."

Bathsheba akapiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena.

"Ni nini sasa?" Sauti ya Ogada ilikuwa imechoka.

"Uko wapi?"

"Kwa stage, nangoja matatu. Nimekungoja masaa tatu, Bathsheba. Nimeelewa."

"Na mimi nimesimama hapo nje masaa mbili. Sikujua wameuingiza ndani."

Bathsheba akaushika ule mlango wa mbao.

"Ogada, ile Jumamosi hatukuwafungia. Tulikuwa kanisani, wote. Ningekuambia siku hiyo hiyo, lakini nilitaka uniulize."

"Niliogopa kuuliza."

Ayesha alikuwa ameanza kuzima taa, moja baada ya nyingine. Machozi yalikuwa yanamtoka Bathsheba na hakuyafuta.

"Wanafunga," akasema.

"Nakuja. Waambie wasifunge." Tayari alikuwa anahema.

Bathsheba hakumwambia mtu. Alikwenda mwenyewe mpaka kwenye mlango wa kioo, akausukuma wazi, akauzuia kwa mgongo wake usijifunge, akawa anaitazama barabara.