Nimepata Jiko

Jua la mchana lilikuwa linachoma mpaka mabati yanalia. Katikati ya soko la mitumba, watu wakisukumana na kupangusa jasho, mwanamume mmoja alikuwa amevaa koti zito la sufu lililomfika magotini. Alifunga vifungo vyote mpaka kidevuni, akajigeuza mbele ya kioo kilichopasuka.

"Kaka, hilo koti ni adhabu au nadhiri?"

Aligeuka. Msichana aliyeuliza alivaa gauni la njano lisilo na mikono, nywele zimesukwa zikapandishwa juu kama taji.

"Ni kazi," alisema, jasho likimtiririka. "Nahamishiwa milimani. Wanasema huko maji yanaganda kwenye ndoo."

"Na wewe unakwenda? Kwa akili zako timamu?"

"Mimi fundi wa minara ya simu. Mnara ulipo, ndipo nilipo."

"Basi vua hilo, linakubana kwapani. Chukua la kijivu. Ukifa kwa baridi, angalau ufe umependeza."

Alichukua la kijivu. Akachukua na namba yake ya simu.

Msichana alikuwa msusi kwenye saluni ya shangazi yake. Wateja walimwita Kiherehere kwa sababu hakujua kukaa kitako: alisuka amesimama, alikula amesimama, na kila honi ikilia alichungulia mlangoni. Fundi akaanza kupita saluni kila jioni. "Leo umekuja kusukwa nini, ndevu?" shangazi alimtania. Walipendana haraka haraka, kama watu wanaosikia gari linaunguruma nje.

Na gari likaja.

"Twende wote, mpenzi," fundi alimbembeleza kituoni.

"Kule watu wanavaa kofia za sufu asubuhi mpaka jioni. Nitamsuka nani, mbuzi?"

"Utanisuka mimi."

"Wewe una kipara kinachokuja mbio."

Walicheka, lakini hakuna aliyecheka mpaka mwisho.

Zikabaki simu.

"Habari za mawinguni, baba?"

"Nikifungua kinywa natoa moshi kama chungu. Midomo imekufa ganzi, mama. Nikisema nakupenda, inatoka nakupemba."

"Basi nipembe tu."

Akikata simu, Kiherehere alizunguka saluni na kitana mkononi, hajui anatafuta nini. Muziki wa duka la jirani, alioucheza zamani akifagia, sasa ulimkera. Mji ulikuwa umejaa watu, na yeye aliuona mtupu.

Asubuhi moja, mteja akiwa amesukwa nusu kichwa, simu ikalia. Mnara wa mlimani ulikuwa mgonjwa. Sauti ilikuja vipande vipande.

"Mpenzi! Nimepata... jiko!"

"Umepata nini?"

"Jiko! Jirani ndiye... amenitafutia. Jana nimelala... raha ambayo... sijui hata niielezeje!"

Ikakatika. Kitana kikaanguka chini.

"Amesema amepata jiko?" shangazi aliuliza taratibu.

"Kwa kinywa chake. Na jirani ndiye mshenga."

"Mwanamume mzima anakupigia simu kukuarifu ameoa, halafu anakusimulia na usiku wake! Mwanangu, huyo haya zake aliziacha huku bondeni."

Fundi alipiga tena, Kiherehere hakupokea. Ujumbe ukaja, aliufuta bila kuusoma. Alisuka kwa hasira mpaka wateja wakatokwa machozi. "Dada, hicho ni kichwa, si kamba ya ng'ombe!"

Mwishowe alivua aproni. "Shangazi, naenda huko."

"Kufanya nini?"

"Kumtazama machoni. Mtu haachwi kwa simu inayokatikakatika."

Basi lilipanda, likapanda, mpaka masikio yakaziba na vioo vikafanya ukungu. Aliposhuka alasiri, amevaa gauni jembamba na ndala, meno yaligongana yenyewe. Aliuliza nyumba ya fundi, akaonyeshwa, akaugonga mlango kwa ngumi.

"Mtoe nje huyo jiko wako, nimwone!"

Fundi alisimama mlangoni, mikono myeusi kwa masizi. "Huyo nani? Jiko ni hilo, si huyo." Akasogea pembeni. Sakafuni kulikuwa na jiko la chuma la kuni, kuukuu, mguu mmoja umeegemezwa tofali, moto ukiguna ndani yake.

Walitazamana. Polepole fundi akaelewa.

"Kumbe ulidhani nimeoa! Mimi, ninayeongea na picha yako kama mwehu?"

"Ungekufa ukisema umenunua jiko?"

"Sikununua. Nimelipata!"

Kiherehere alicheka, akalia, akampiga kifuani, akabaki hapo hapo kifuani. Lakini hakukaa sana. Alikwenda dirishani. Ukungu ulikuwa umeimeza barabara. Hakuna honi wala muziki.

"Huku mtu anasikia mpaka kucha zake zikiota."

"Nitaomba nirudishwe mjini," fundi alisema.

"Ukirudi kwa ajili yangu, kila tukigombana utanikumbusha."

"Basi baki. Nikuoe."

"Hapana."

Uso wa fundi ukasawijika.

"Nisikilize. Wewe uoe, mimi niolewe. Wewe upate, mimi niwe jiko? Jiko hukaa lilipowekwa. Mimi hata kiti kimenishinda. Nikija huku, nimekuja kwa miguu yangu. Na huku mlimani kukinishinda, tunashuka wote, wewe na minara yako. Umekubali?"

Fundi alitazama masizi mikononi mwake. Maisha yake yote alipenda vitu vilivyochimbiwa msingi. 

"Tutashuka wote," alisema. "Ila kila asubuhi nitaogopa kwamba leo ndiyo leo."

"Ogopa. Haya, sasa niambie vizuri."

"Tuoane."

"Hapo umesema."

Mtandao ulipatikana kilimani tu, nyuma ya nyumba. Kiherehere alipanda mbio, akampigia shangazi.

"Shangazi! Nahamia huku!"

"Nani ameumia?"

"Nahamia!"

"Maskini! Ameumia wapi?"

"Na-ha-mi-a!"

Chini ya kilima milango ikafunguliwa mmoja baada ya mwingine, watu wakatoka kumsikiliza mgeni anayetetemeka na kupiga kelele juu ya kilima, na kijiji kizima kikajua kabla ya shangazi.